Mume Mpole, Shemeji Mlafi: Jinsi Margaret Ogola Alivyowasuka Wahusika Wake

Mjane anatoka Sakwa kwenda Kisumu kumshtaki shemeji yake mbele ya serikali ya Mzungu. Mumewe amekufa, wanawe wawili wa kiume wamekufa, na mjukuu anayestahili kurithi kiti cha uchifu bado ni mtoto mdogo. Huyo ni Akoko, na safari hiyo ndiyo kilele cha sehemu ya mwanzo ya The River and the Source, riwaya ya Margaret Ogola iliyotoka mwaka 1994, ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, kisha tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu bora cha kwanza kwa ukanda wa Afrika.

Riwaya hiyo iliwahi kuwa kitabu cha lazima katika mtihani wa KCSE. Kwa hiyo wapo watu wazima wengi Kericho na Bomet waliolazimika kumjadili Akoko kwenye insha huku nje ya darasa majani chai yakisubiri kuchumwa. Hadithi ni ya Waluo, lakini shauri lake halihitaji mkalimani huku. Mila ya Wakipsigis wa huku inaipa kila nyumba ya mke mali yake, na mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake ipate mrithi. Msomaji aliyekulia katika mila hiyo anaelewa mara moja kwamba Akoko hapiganii kiti tu. Anapigania nyumba isizimike.

Ufundi wa Ogola unaonekana kwanza kwa wanaume. Mwandishi mvivu angempa Akoko mume katili, msomaji akajua amchukie nani. Ogola anampa Owuor Kembo, chifu aliyetoa ng'ombe 30 za mahari bila kunung'unika na aliyekataa katakata kuongeza mke wa pili. Mapenzi yake hayana doa. Dosari yake iko kwingine: hana ulimi mkali kwa watu wa damu yake. Mama yake anamsema mkewe kuwa amemroga mwanawe, na maneno yanafika mahali Akoko anafunga virago kurudi kwao Yimbo. Ndugu yake, Otieno, anaachwa akue na tamaa yake. Owuor akishaondoka duniani, upole wake unageuka deni, na anayelilipa ni mjane.

Hapo ndipo ilipo siri ya msuko. Katika riwaya hii dosari ya mwanamume haimpigi mwanamke kofi, inamwachia pengo. Obura, mwana wa Akoko, anatoroka kwenda kuona dunia na kufia vitani Tanganyika. Nduguye Owang' Sino anakalia kiti cha baba yake, hakitoshi, anakufa kwa kusakamwa na mfupa wa samaki. Kila mwanamume akianguka, mzigo unahamia kwenye kichwa kile kile.

Na Akoko haubebi kwa machozi. Ogola anampa silaha mbili ambazo msomaji anaweza kuzihesabu: mali aliyoichuma kwa mikono yake, na kipaji cha kusema mbele ya wazee. Anaposingiziwa hajibu kwa kulia, anajibu kwa hesabu ya mifugo na ghala. Uvumilivu wake si wa kunyamaza, na ndiyo maana safari ya Kisumu inaaminika: mwandishi ameshatuonyesha mwanamke anayejua kujenga hoja kabla ya kumpeleka barazani.

Baada ya Akoko kushinda shauri lake Kisumu, Ogola anafanya jambo la ujasiri. Mjukuu aliyepiganiwa hakai kwenye kiti, anakuwa padri. Bintiye Akoko, Nyabera, naye si nakala ya mama. Anazika watoto, anazika mume, anakubali kurithiwa, anajuta, anakimbilia misheni ya Aluor, anarudi nyuma, kisha anasonga tena. Kuyumba huko kunamfanya awe mtu na si sanamu.

Kamba inalegea nusu ya pili. Watoto wa Awiti, bintiye Nyabera na mjukuu wa Akoko, wanafaulu mno: daktari, padri, mtumishi wa Mungu. Ogola, aliyekuwa daktari wa watoto, anawapenda wasomi wake kiasi cha kuwafutia makunyanzi. Anayebaki na nguvu ya kweli ni Becky, mrembo anayejipenda kuliko wote, ambaye UKIMWI unamchukua na kuwaacha watoto wake wawili. Haishangazi kwamba I Swear by Apollo, riwaya ya mwendelezo ya mwaka 2002, inachota kwa watoto hao: pengo likirudi, hadithi nayo inapumua.

Bomet ina kipimo chake cha hadithi hii. Mwaka 2008 Lorna Laboso, mbunge wa Sotik, alikufa katika ajali ya ndege pamoja na Kipkalya Kones wa Bomet. Dada yake Joyce alikitwaa kiti katika uchaguzi mdogo, akawa Naibu Spika mwaka 2013, na mwaka 2017 akamwangusha Gavana Isaac Ruto na kuwa miongoni mwa magavana watatu wa kwanza wanawake nchini. Wapinzani walimsimanga kwamba ameolewa na Mluo. Alipofariki Julai 2019 alizikwa Fort Ternan, nyumbani kwa mumewe. Swali la mwanamke ni wa wapi, kwao au kwa mume, ndilo Ogola alilolijibu kwa kumrudisha Akoko Yimbo na mali yake.

Waandishi wa Kericho wana chemchemi yao wenyewe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wake kwa waume na watoto, ikawatupa Gwassi kando ya ziwa, na wakakaa huko hadi miaka ya 1960. Historia imehifadhi zaidi majina ya wanaume wa ukoo huo, maorkoiyot, viongozi wa kiroho walioogopwa. Riwaya ya wanawake waliohamishiwa Gwassi na kulea watoto huko ingekuwa na kila kitu alichokuwa nacho Ogola, na bibi wanaoweza kusimulia walivyosikia kwa mama zao wanapungua kila mwaka. Anayeweza kuiandika na aanze sasa, kwa kwenda kuwauliza.