Kapasita Iliyoziba Masikio ya Redio

Mshale wa mita ya S, inayoonyesha nguvu ya mawimbi, ukirukaruka, wakarabati wengi wa redio za vali wana dawa moja. Wanapindua chesisi, wanautafuta mstari wa AVC (udhibiti wa sauti unaojiendesha), na palipokuwa na kapasita ya mikrofaradi 0.1 wanalehemu ya mikrofaradi 2. Mshale unatulia, picha zinapigwa, sifa zinamwagwa. Na redio imeshaharibiwa.

Waliowahi kuitazama kazi hiyo kwenye Hammarlund HQ-129-X, au kwenye ndugu zake wa miaka ya 1940, wanajua kwamba yote yaliyotangulia huwa safi: kapasita za karatasi zimeng'olewa, vali zimepimwa, masafa ya kati (IF) yamepangwa upya kwenye kilohezi 455. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye mstari wa AVC. Mita ya S haipimi antena. Katika redio hizi hukaa kwenye daraja la rezista, ikiangalia jinsi mkondo wa vali unavyopungua kadiri volti hasi za AVC zinavyopanda. Volti hizohizo ndizo zinazopunguza ukuzaji wa mawimbi kwenye hatua za masafa ya redio (RF) na IF. Kuchelewesha AVC ili mshale utulie ni sawa na kufunga breki za gari kwa sababu sindano ya spidomita inatetemeka.

Hesabu yenyewe si ngumu. Rezista ya megaomu 1 na kapasita ya mikrofaradi 0.1 hutoa muda wa sehemu ya kumi ya sekunde. Ukiweka mikrofaradi 2 unapata sekunde mbili nzima, na ucheleweshaji huo unafanya kazi pande zote mbili. Kituo chenye nguvu kikiingia ghafla, vali bado zimefunguka kabisa, kwa hiyo sauti inapasuka kabla volti za kuzizuia hazijafika. Kikiondoka, volti zinabaki, na kituo dhaifu kilichokuwa nyuma yake kinamezwa. Wapo wanaoongeza diodi ili kapasita ijae haraka, wakidhani wameponya. Wameponya kujaa tu. Kumwagika kumebaki kulekule, na sasa kila mpasuko mfupi wa radi unatosha kuitia redio uziwi.

Iwashwe basi redio ya namna hiyo Rubavu, Rwanda, jioni ya mvua, kwenye bendi ya mita 80. Ng'ambo ya mpaka, milima ya mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Utafiti wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliliweka eneo la Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa takriban mimweko 205 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Mmweko mmoja huweza kuwa na mapigo kadhaa ndani ya nusu sekunde. Kapasita ya mikrofaradi 2 bila diodi haijai kwa muda huo, lakini inabaki na volti za kutosha kumziba Mtanzania anayeita kwa wati 20. Kabla haijamwagika, mmweko wa pili umefika. Mshale umetulia kweli, ila umetulia juu ya redio isiyosikia.

Wahandisi wa kampuni ya Collins kule Cedar Rapids hawakumfanyia msikilizaji ujeuri huo. Redio yao ya 75A-4 ya mwaka 1955 ilimpa swichi: AVC ya haraka, ya polepole, au hakuna kabisa. R-390A ya jeshi la Marekani ilikuwa na hatua tatu za kasi ya AVC, na mita yake iliandikwa desibeli, 0 hadi 100, bila kujifanya inajua S ni nini. Huo ndio uungwana uliopotea.

Maana hiyo S nayo ni deni la zamani. IARU, umoja wa kimataifa wa wapenzi wa redio, Kanda ya 1 ilipendekeza mwaka 1981 kwamba kwenye HF, S9 iwe mikrovolti 50 katika omu 50, na kila hatua desibeli 6. Pendekezo si amri. Vali hazikulisoma, na wanaogawa ripoti ya 59 kwa kila anayeitikia, hata mita ikionyesha S3, ndio hao wanaotaka mshale wenye adabu.

Kama mshale unakera, utulizwe mshale. Kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi mia kadhaa hadi elfu moja, yenye volti ndogo, ifungwe kwenye ncha za mita yenyewe, AVC isiguswe. Sufuri huwekwa redio ikiwa imepata moto kwa nusu saa, antena imetolewa, kidhibiti cha RF kikiwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Anayeweka sufuri RF ikiwa imefungwa nusu anaidanganya mita, kwa sababu kufunga RF nako kunaupandisha mshale.

Zamani Rubavu ilikuwa na kipimo cha bure cha uzibaji. Mitambo ya Deutsche Welle ya Kigali, chini ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, ilirusha masafa mafupi tangu 1965 hadi Machi 2015, na AVC iliyochezewa ilijulikana hapohapo. Leo mwenye redio anahitaji mwenye leseni upande wa Goma, karibu kiasi kwamba mawimbi hayategemei anga. Arushe wati 100, kisha 25, kisha 6. Kila kushuka ni takriban desibeli 6, yaani hatua moja ya S. Mshale ukishuka hatua mbili na nusu kwa punguzo la kwanza na nusu kwa la pili, hayo ni maumbile ya vali na yavumiliwe. Ukichukua sekunde mbili au zaidi kuteremka, chesisi ipinduliwe tena na ile 0.1 irudishwe.