Sifa kwa Watunza Milango

Mwanafunzi wa kompyuta anayepanga chumba Kansanga, jirani na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, aghalabu ana laptopu moja, tena ya mtumba. Kwa laptopu hiyohiyo yenye Windows anatakiwa ajifunze Linux na ajaribu programu ya simu kabla haijafika mikononi mwa watu. Kinachomwokoa ni mashine pepe: kompyuta kamili iliyoundwa kwa programu, inayofanya kazi ndani ya kompyuta halisi. Akiiharibu, ataifuta na kuanza upya.

Ila mashine pepe isiyoongezewa kasi inachosha. QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, inaweza kuigiza prosesa nzima kwa kutafsiri maagizo yake, kazi inayokula muda na chaji. Nafuu ilitoka kwenye prosesa zenyewe. Kuanzia 2005 kwa Intel na 2006 kwa AMD, mfumo mgeni, yaani ule ulio ndani ya mashine pepe, uliruhusiwa kutekeleza maagizo yake moja kwa moja, na mfumo mwenyeji wa kompyuta halisi ukashika usukani pale tu panapoguswa jambo nyeti.

Ufundi ninaousifu unaanzia hapo. Prosesa ni ileile, lakini kila mfumo endeshi una mlango wake wa kuifikia. Linux ina KVM tangu 2007, Mac ina Hypervisor.framework, Windows ina WHPX, NetBSD ina NVMM. Upo mlango unaozipokea wenyewe ishara za saa na vifaa zinazokatiza kazi. Upo unaoiachia programu mzigo huo. Mtunzaji wa QEMU huzisoma tabia hizi zote, akazisawazisha, hata mgeni asijue amelala kwa nani.

Na milango haidumu. Apple ilipohamia prosesa zake za ARM mwaka 2020, ule wa Mac ulihitaji kazi mpya. Mtayarishaji programu Alexander Graf aliiandika, ikaingia katika QEMU 6.2 mwaka 2021. Upande wa Windows, wengi walitegemea mlango mwingine, HAXM ya Intel. Mwaka 2023 Intel iliacha kuiendeleza, na QEMU 8.2 ya Desemba mwaka huo ikatoka bila HAXM. Wahenga walionya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulikuwa umezibwa mapema, kwani WHPX iliingizwa katika QEMU tangu 2018. Kazi hiyo ya miaka mitano kabla ndiyo iliyowaachia watumiaji wa Windows pa kuhamia.

Utunzaji wa namna hii haupigiwi makofi, kwa kuwa matunda yake ni kutoharibika kwa kitu. Kwangu ndio ufundi mkubwa zaidi katika programu: kumjali mtu usiyemjua, kwenye mashine usiyoichagua wewe.

Walimu wa kompyuta wa Kansanga na kwingineko, wapeni wanafunzi wenu kazi ya kutunza, si ya kubuni tu. Msimbo wa QEMU uko wazi kwa yeyote. Waujaribu kwenye laptopu zao za mtumba, waandike kwa usahihi kilichoharibika, wapeleke marekebisho. Ufundi huu unahitaji warithi, na hauulizi mtu anatoka mji gani.