Seli za Ndugu Zilivyoongeza Uhai wa Wagonjwa wa Lukemia

Mwaka 1957, Dkt. E. Donnall Thomas na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa sita waliotibiwa kwa mionzi, kisha wakatiwa uloto wa mifupa wa watu wengine kupitia mshipani. Hakuna aliyefikisha siku 100. Madaktari wengi walikata tamaa na njia hiyo. Thomas aliendelea kuijaribu kwa mbwa, hadi akathibitisha kwamba tishu za anayetoa na anayepokea zikilingana, na dawa ya methotreksati ikifuata, mnyama hupona.

Mwaka 1977, kundi lake la Seattle lilieleza habari za wagonjwa 100 wa lukemia kali, ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwaponya, kisha wakapandikizwa uloto wa ndugu zao. Waliobaki hai bila ugonjwa walikuwa 13. Idadi ni ndogo, lakini hao ni watu ambao wasingeishi. Kisha likafanyika jambo ninaloliona kubwa kuliko dawa yoyote mpya: upandikizaji ulisogezwa mbele, ukafanywa mara tu dawa zilipofanikiwa kuutuliza ugonjwa kwa mara ya kwanza. Seli za saratani zilikuwa chache na mwili ulikuwa bado na nguvu. Kufikia 1979, zaidi ya nusu ya waliopandikizwa mapema hivyo walikuwa hai.

Lakini ni nini hasa kilichowaponya? Iliaminika kuwa mionzi ndiyo inayoua lukemia, na uloto unakuja tu kuziba pengo la ule uliouawa pamoja nayo, kama mkulima anayefyeka shamba ndipo apande. Kama ni hivyo, pacha wa kufanana angekuwa mchangiaji bora, maana seli zake hazina ugomvi na mwili wa mgonjwa.

Takwimu zilikataa. Mwaka 1990, Mary Horowitz na wenzake walipitia kumbukumbu za wagonjwa 2,254. Waliopewa uloto na pacha wa kufanana walirudiwa na lukemia zaidi. Hata waliopewa uloto uliochujwa seli T, zile chembe za kinga zinazoshambulia kitu kigeni, walirudiwa zaidi. Na waliougua kwa sababu seli za ndugu zilishambulia ngozi, ini na utumbo wao, walirudiwa kidogo. Dawa na hatari vilikuwa ndani ya seli zilezile, na ndiyo maana kazi hii ni ngumu hadi leo: ukiizima kinga ya mchangiaji kabisa, unaifungulia saratani mlango.

Mwaka huohuo, daktari Hans-Jochem Kolb wa Munich alieleza jinsi alivyowatia wagonjwa watatu, ambao lukemia sugu iliwarudia baada ya upandikizaji, chembe nyeupe za wachangiaji wao walewale pamoja na dawa ya interferoni. Hakuwapandikiza upya. Lukemia ikatoweka.

Baada ya hapo madaktari walithubutu kupunguza mionzi na kemikali za maandalizi, wakiachia seli za mchangiaji sehemu kubwa ya kazi. Ndipo wagonjwa wenye miaka 60 na zaidi, waliokuwa wakikataliwa kwa kuwa wasingestahimili dozi za zamani, walipoanza kupokelewa.