Ufundi wa Kuuacha Ukurasa

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mwalimu wa ukutubi anafaa kulijua vizuri. Waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Kazi yao ilikuwa kupima tovuti wasizozijua. Mbili kati ya hizo zilikuwa za madaktari wa watoto wa Marekani. American Academy of Pediatrics ndicho chama kikuu cha fani hiyo, nacho kipo tangu 1930. American College of Pediatricians ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa tofauti za msimamo. Zaidi ya nusu ya wanafunzi waliona hicho kidogo ndicho cha kuaminika. Wanahistoria, watu waliozeekea kwenye nyaraka, baadhi yao walisitasita. Wahakiki hakukosea hata mmoja.

Wala hawakusoma kwa makini kuliko wenzao. Waliondoka. Wenzao walibaki wakikagua nembo, orodha ya marejeo na lugha ya kitaalamu. Wao walitupa jicho mara moja, wakafungua vichupo vipya na kutafuta wengine wanasemaje kuhusu mwenye tovuti. Mwendo huu tunaujua kwenye posa: mposaji haulizwi tabia zake mwenyewe, hutumwa mtu kimyakimya mtaani kwao akaulize majirani.

Mimi humhusudu mwalimu anayeutia mwendo huo mikononi mwa mkutubi mtarajiwa. Mkutubi kalelewa kuuheshimu ukurasa, na sasa anafundishwa kuupa kisogo. Tena orodha maarufu ya ukaguzi ilitungwa na mkutubi: mwaka 2004 Sarah Blakeslee, wa Maktaba ya Meriam huko Chico, California, alibuni kipimo cha CRAAP, cha kuuliza tarehe, uhusiano na mada, mwandishi, usahihi na kusudi. Maswali hayo ni mazuri. Tatizo ni kwamba msomaji asipotoka kwenye tovuti, majibu yote atayapata kwa mwenye tovuti. Hata tapeli huweka tarehe, huandika wasifu wake, na anwani ya .org huuziwa yeyote mwenye kulipia.

Kwa hiyo mwalimu hodari haanzi na orodha. Anarusha ukutani matokeo ya utafutaji na kupiga marufuku kubonyeza chochote. Wanafunzi wanasoma anwani tu na muhtasari chini yake: lipi ni tangazo, nani anajirudia kwa majina tofauti, nani hasa ana sababu ya kulijua jambo hili. Vidole vinawasha. Aliyezoea kubonyeza jibu la kwanza anajiona anacheleweshwa bure, na mwalimu anamwacha aone hivyo. Wahakiki wa jaribio la Stanford nao walikuwa na subira hiyo hiyo, na haifundishiki kwa kuandikwa ubaoni.

Kisha zinakuja picha. Mwalimu huchagua picha ya mafuriko inayosambazwa kama ya jana, ambayo asili yake ameshaifuatilia mwenyewe hadi mwisho. Wanafunzi wanaipeleka TinEye, wanapanga matokeo kuanzia la zamani kabisa, na mmoja anapaza sauti: ni ya miaka mingi nyuma, tena ya nchi nyingine! Darasa linacheka. Mwalimu anauliza taratibu: hiyo ndiyo ya kwanza, au ndiyo ya kwanza uliyoiona wewe? Maana mtambo huonesha kile tu ulichokwisha kukikusanya. Swali moja kama hilo lina thamani kuliko saa nzima ya kueleza programu.

Lakini ufundi wenyewe naona uko kaunta. Wanafunzi wanaigiza: mmoja ni mkutubi, mwingine ni mzee aliyeingia na simu yenye ujumbe wa majani yanayoponya kisukari. Mkutubi mchanga hukimbilia kusema, "Mzee, huu ni uzushi." Mzee anaifunga simu na hatarudi tena. Mwalimu anasimamisha igizo, linaanza upya. Shikamoo kwanza. "Baba, ujumbe huu umetumiwa na nani? Naomba tuutafute pamoja." Skrini igeuzwe, wote wawili waone kinachofunguliwa na kwa nini. Na mkutubi asikilize swali lililo nyuma ya swali: huenda mzee hajali ujumbe ni wa kweli au la, ana mgonjwa nyumbani na dawa za hospitali zimemchosha. Hapo mkutubi si daktari. Kazi yake ni kumfikisha kwenye maelezo ya kuaminika na kwa mtu wa kumwuliza. Igizo linarudiwa hadi utaratibu huo uwe tabia.

Msingi wa kazi hii ni wa kale. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilipoanza Makerere mwaka 1963, kompyuta haikuwepo darasani, lakini mkutubi mzuri wa marejeo wa enzi zile naye hakumpima mchapishaji kwa dibaji yake. Alifungua kitabu kingine. Chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, nacho kinaandaa watu ambao wasomaji wao watakuja na simu mkononi.

Basi wanaotunga mitihani ya fani hii waachane na "taja na eleza". Mtahiniwa apewe kompyuta yenye intaneti, dai moja asilolijua na dakika kumi. Akimaliza, isahihishwe historia ya kivinjari chake, insha isubiri.