Vitabu vya Biashara na Daftari la Madeni

Orodha za vitabu vya biashara zinafanana kama sare za shule. Utakuta Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, The E-Myth Revisited cha Michael Gerber, The Lean Startup cha Eric Ries, na kwa wapenda hadithi za kale, The Richest Man in Babylon cha George Clason. Vinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, vingine vimefupishwa hadi kurasa tano, na anayekutumia hakosi kukuahidi kwamba maisha yako yatabadilika. Safari hii orodha imenifikia kutoka Ulyankulu. Mdogo wangu ameuza tumbaku, ameweka pembeni milioni mbili, na anataka kufungua duka. "Dada, nianze na kipi?" aliniuliza.

Nimevisoma vyote vinne nikiwa na swali moja: mteja akichukua sukari Novemba na kulipa Juni, katika miezi hiyo yote nani analibeba deni?

Ulyankulu, wilayani Kaliua, ilianza mwaka 1972 kama makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, na wengi wenu mmeijua kupitia Kwaya ya Barabara ya 13 kuliko kupitia ramani. Fedha yake inategemea sana tumbaku. Mkulima hupata mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia chama cha msingi, AMCOS, na deni hukatwa zao linapouzwa. Masoko hufunguliwa mvua zikishakatika. Kabla ya hapo watu wanaishi kwa ahadi. Duka lililoandika ukutani "Kukopa harusi, kulipa matanga" ndilo hilo hilo lenye daftari nene chini ya kaunta. Mwenye duka naye amechukua mali kauli kwa muuzaji wa jumla mjini. Akimnyima mteja mkopo, mteja huyo hatamwona siku ya fedha. Akimpa, rafu zinabaki tupu na muuzaji wa jumla anaanza kupiga simu.

Tuanze na Ries. Kitabu chake cha mwaka 2011 kinashauri uanze na kitu kidogo, ukipeleke kwa wateja, upime, ujifunze, urekebishe, kisha urudie, na gurudumu hilo lizunguke haraka. Ni ushauri mzuri, ila unachukulia kwamba mteja anasema ndiyo au hapana kwa fedha iliyo mkononi mwake. Mteja wa mkopo husema ndiyo kwa kila kitu. Ukileta mashuka mapya Januari yatachukuliwa yote. Hutajua kama yalipendwa hadi Juni utakapokwenda kudai. Katika biashara ya msimu gurudumu la Ries huzunguka mara moja kwa mwaka, na milioni mbili zinaweza kuisha kabla halijarudi lilipoanzia. Hata hivyo tunaweza kumtumia. Tenganisha bidhaa zinazonunuliwa kwa taslimu kila siku, kama chumvi, sabuni na mafuta ya kupima, na zile zinazosubiri msimu. Za kwanza zinakufundisha kila jioni unapohesabu mauzo. Za pili zinakufanya mkopeshaji hata kama bango lako linasema duka.

Gerber nilimfungua nikitarajia kumcheka, kwa sababu mfano anaoupenda ni McDonald's. Nilimaliza nikimheshimu. Hoja yake ni kwamba anayeijua kazi hudhani anaijua biashara ya kazi hiyo. Anamtumia mwanamke mwokaji wa pai ambaye anazama kwenye kazi za duka lake mwenyewe, na anamwambia aandike namna kila jambo linavyofanyika ili mtu mwingine aweze kulifanya. Sasa fikiria daftari la madeni la kawaida: "Mama K., tatu, bado." Tatu nini? Kilo, elfu, au siku? Mwenye duka anajua. Akilazwa hospitali, mtaji umelazwa naye; akifariki, umezikwa, na watoto wake watabishana na kijiji kizima bila ushahidi. Kwa hiyo somo la Gerber kwetu ni jina kamili, bidhaa, bei, tarehe, siku ya kulipa na sahihi ya mkopaji. Si ukurasa wa kusisimua, lakini ndio unaoweza kuwaachia watoto duka.

Kiyosaki ndiye anayependwa zaidi na ndiye ninayemwamini kidogo zaidi. Kitabu chake cha mwaka 1997 kinagawa vitu mafungu mawili: vinavyoingiza fedha mfukoni na vinavyoitoa. Nyumba unayoishi, kwake, iko fungu la pili. Mgawanyo huo ni rahisi kukumbuka, na ndiyo sababu umesambaa. Lakini uweke Ulyankulu. Kwa miaka mingi mkimbizi alihitaji kibali ili kutoka nje ya makazi. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu wapatao 162,000 wa makazi ya zamani, yakiwemo Katumba na Mishamo, yalikubaliwa, lakini mpango ulikuwa wahamishiwe mikoa mingine. Baadaye uhamisho huo uliachwa, na vyeti vilianza kutolewa 2014. Katika miaka ile ya kungoja, nani angechoma tofali au kupanda mwembe? Na aliyethubutu kujenga, nyumba yake iko fungu gani? Haikumwingizia shilingi, lakini ilisema kwa niaba yake kwamba haendi popote. Kiyosaki anaandika kana kwamba kinachotenganisha baba tajiri na baba maskini ni namna ya kufikiri tu. Kibali cha kusafiri hakibadiliki kwa sababu umebadilisha fikra.

Clason ana sifa ambayo wenzake hawana: anazungumza juu ya deni waziwazi. Kitabu chake cha 1926 kilitokana na vijitabu vilivyogawiwa na mabenki na kampuni za bima Marekani, kwa hiyo usishangae kwamba kinasifu sana kuweka akiba. Ndani yake yumo Dabasir, mfanyabiashara wa ngamia aliyekopa akashindwa kulipa, akakimbia mji, akaishia kuuzwa utumwani. Anaporudi anagawa kipato chake: sehemu saba za kuishi, mbili za wadai wote kwa uwiano, moja ya akiba. Sijaona mpango bora kwa mtu aliyebanwa na mikopo ya kausha damu. Ila Clason anautumia utumwa kama mtihani wa tabia: mwenye roho ya mtu huru atajikomboa. Kitabu hicho kikisomwa Tabora, mji ambao misafara ya pwani ilipitia kwenda Ujiji, sentensi za namna hiyo hazipiti kooni. Waliopitishwa hapa wamefungwa minyororo hawakuwa na upungufu wa tabia.

Utaniuliza: na vya kwetu? Kipo I Can, I Must, I Will cha Reginald Mengi, cha 2018, na hadithi yake ya kuunganisha kalamu za wino nyumbani inatia moyo. Kumbuka tu kwamba aliyeziunganisha alikuwa mhasibu katika kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu. Mshahara ule ulimbeba.

Lakini kitabu cha biashara cha njia hii hasa hakiwekwi kwenye orodha yoyote: Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa mara ya kwanza na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Tabora. Humo hakuna motisha. Kuna mali iliyochukuliwa kwa mkopo Zanzibar, wadai, tajiri Taria Topan anayemwamini kwa bidhaa, bei za pembe, na hatari ya njia, maana kuanzia 1871 Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora na kuifunga njia ya Ujiji. Ni kitabu cha mali kauli kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisome pia kwa yale kinayoyapita haraka. Pembe za Nsama hazikununuliwa sokoni. Zilipatikana kwa vita. Mzigo haukutembea wenyewe. Ulikuwa kwenye mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na wa watumwa. Taria Topan alibeba deni la fedha. Deni jingine lilibebwa na watu ambao daftari halikuwaandika majina.

Ndiyo maana swali langu nimelibakiza hata kwa vitabu vinavyonunuliwa uwanja wa ndege. Mwanzilishi anayesifiwa kwa kuthubutu, nani alimlisha alipokuwa anathubutu? Kampuni iliyokua haraka, ililipa wauzaji wake baada ya siku ngapi? Kitabu kisichojibu hayo kinaweza kukupa hamasa, lakini usikikabidhi mtaji wako.

Mdogo wangu nimemjibu hivi. Aanze na Gerber, na aandike daftari lake kabla hajanunua rafu. Kisha asome hadithi ya Dabasir peke yake. Ries amsome akishakuwa na mauzo ya taslimu ya miezi mitatu. Kiyosaki anaweza kungoja. Na katika zile milioni mbili, asikopeshe zaidi ya laki nne hadi masoko yafunguliwe. Laki nne zikiisha, daftari lifungwe, hata kwa shangazi.