Mcheza Kwao Hutunzwa: Fidla na Ngoma katika Kambi ya Clifftop

Swali la kwanza tunalofundishwa kuuliza mbele ya utendaji wowote wa fasihi simulizi ni hili: nani fanani, nani hadhira? Makala haya yanalipeleka swali hilo mbali, hadi Clifftop katika milima ya West Virginia, Marekani. Huko, tangu mwaka 1990, wapigaji wa fidla hukutana kila kiangazi, hupiga mahema, na kwa siku chache zinazoishia Jumapili hupiga na kucheza muziki wanaouita wa kale. Sijafika Clifftop, nimeufuatilia mkutano huo kwa rekodi na video. Hoja yangu ni kwamba unafana unapokuwa ngoma na unapwaya unapokuwa maonyesho, na kwamba neno "kale" lenyewe linahitaji kuhakikiwa.

Aliyezoea taarabu anaijua fidla inayomjibu mwimbaji. Katika muziki huu mara nyingi hakuna mwimbaji wa kujibiwa. Lahani ni fupi, huwa na sehemu mbili, na kila sehemu hurudiwa. Fidla na banjo huipiga lahani hiyohiyo kwa pamoja, gitaa na besi zikishika mapigo. Hakuna anayejitokeza mbele kuonyesha ufundi wake huku wenzake wakimsindikiza, kama ilivyo katika jazi. Msikilizaji mgeni anaweza kuchoka baada ya dakika mbili. Asihukumu bado: lahani hizi hazikutungwa kwa ajili ya mtu aliyeketi, zilitungwa kwa ajili ya miguu.

Ndiyo maana jukwaa ndilo sehemu dhaifu ya mkutano. Kuna mashindano ya fidla, ya banjo, ya bendi, na ya mchezo ambamo mchezaji hupiga sakafu kwa visigino na nyayo hata miguu yake ikawa ala. Kuna pia kundi la bendi zinazochanganya mapokeo na mambo mapya, nalo ni jambo la kusifiwa, kwa kuwa linakiri kwamba mapokeo hubadilika. Hata hivyo, mbele ya waamuzi mshindani hupewa muda mfupi, naye huutumia kuonyesha wepesi wa vidole. Lahani hukatika kabla haijawaka. Kwenye mahema mambo ni tofauti. Watu sita au saba huketi duara, nyuso zikielekeana, migongo ikimwelekea mpita njia. Lahani moja huzunguka na kuzunguka. Asiyeijua hukaa pembeni akiisikiliza mpaka vidole vimjie, kisha huingia. Hapo fanani na hadhira ni watu walewale.

Usiku ngoma huhamia kwenye ukumbi mkubwa wa magogo. Wachezaji husimama jozi nne kwa umbo la mraba, na mtu mmoja hutangaza hatua kwa sauti yenye mahadhi: shikaneni mikono, zungukeni, badilishaneni wenzi. Kwetu tungemwita manju. Kwa kuwa yeye huongoza kila hatua, hata mgeni anaweza kucheza usiku wake wa kwanza. Kiswahili kimetuachia neno linalotosha hapa. Ngoma ni ala, ni uchezaji, ni shughuli nzima ya watu waliokusanyika. Ukiitenga fidla na miguu hiyo, umebaki na kamba na ubao.

Lakini ngoma ina wenyewe. Kambi hiyo inaitwa Washington-Carver, kwa heshima ya Booker T. Washington na George Washington Carver. Ilifunguliwa mwaka 1942 kwa ajili ya watoto Weusi waliokuwa katika klabu za vijana wa vijijini, enzi za ubaguzi ambapo hawakukaribishwa katika kambi za Weupe. Wengi wa wanaoonekana wakicheza juu ya sakafu hiyo leo ni Weupe. Kucheza kwao si kosa. Swali ni nini kilitokea katikati.

Banjo ina asili ya Afrika Magharibi; ilivuka bahari pamoja na watu waliotekwa. Fidla ilitoka Ulaya, lakini kwa vizazi vingi aliyeipiga kwenye dansi za mabwana wa Kusini mara nyingi alikuwa mtumwa. Solomon Northup, aliyetekwa nyara mwaka 1841 na kuandika kitabu juu ya utumwa wake, alikuwa mpiga fidla. Hata utangazaji wa hatua, kwa mujibu wa utafiti wa Phil Jamison, ulianza kwa wanamuziki Weusi. Katika miaka ya 1920 kampuni za santuri ziliweka uzio: sahani za Weusi katika orodha moja, za Weupe wa vijijini katika nyingine. Fiddlin' John Carson alirekodiwa Atlanta mwaka 1923 na soko la fidla ya Weupe likafunguka. Henry Ford naye alitumia fedha zake kufufua dansi za zamani ili kupambana na jazi. Hivyo "kale" likawa jina la bidhaa, na wazee Weusi wakaachwa nje ya jina hilo.

Waliendelea kupiga majumbani mwao. Joe Thompson, aliyezaliwa mwaka 1918 North Carolina, alipiga fidla katika ngoma za majirani pamoja na binamu yake Odell aliyepiga banjo. Mwaka 2005 mkutano wa wapiga banjo Weusi ulifanyika Boone, katika jimbo hilohilo. Vijana waliokutana huko wakaenda kwa Thompson kujifunza, na kutoka kwake likazaliwa kundi la Carolina Chocolate Drops. Mwaka 2007 taifa lilimpa tuzo yake ya juu ya sanaa za jadi; alifariki mwaka 2012. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Thompson alicheza kwao, na tuzo ilimfikia akikaribia miaka tisini.

Kwa hiyo namsifu Clifftop kwa duara zake na kwa ukumbi wake wa usiku, na naliwekea alama ya kuuliza jina la muziki wake. Sisi pia tuna neno kama hilo. Tunaandika "ngoma za asili" katika ratiba za sherehe, kundi linaingia, linashangiliwa, linatoka, na jina la sogora halisomwi. Mhakiki akipewa ratiba ya namna hiyo, aanze kwa kuuliza hilo jina.