Kamba Nyembamba Ndani ya Bobini, Nene Mkononi

Upepo ukizidi, nahodha wa jahazi huteremsha foromali, akafungua tanga kubwa na kufunga dogo mahali pake. Ni kazi ya mabaharia kadhaa. Kwenye yoti za siku hizi tanga la mbele halishuki. Linajiviringisha kwenye bomba la aluminiamu lililouvika waya wa mbele wa mlingoti, na mtu mmoja aliyeketi tezini hulikunja lote kwa kuvuta kamba moja. Kamba hiyo ndiyo ninayotaka tuichambue. Nimeona watu wakinunua mtambo wa bei kubwa, wa Harken au Profurl, kisha wakautilia kamba yoyote iliyokuwa imelala stoo, na tanga likawakwamia nusu wazi upepo wa kusi ukivuma.

Chini ya bomba lile pana kigurudumu chenye kingo mbili, mfano wa bobini ya cherehani. Tanga linapofunguliwa, bomba huzunguka na bobini hujizungushia kamba. Kamba ikivutwa, bobini huitoa na tanga hujikunja. Maana yake, bobini hujaa wakati tanga liko wazi kabisa, na kila mzunguko mmoja wa tanga unadai mzunguko mmoja wa kamba. Wengi hawalipigii hesabu jambo hili. Wanauliza kamba ina nguvu kiasi gani, hawaulizi bobini ina nafasi kiasi gani.

Tuchukue yoti ya futi 35 niliyoipimia katika hori ya Kilifi. Tanga lake la mbele lilihitaji mizunguko 24 kujikunja lote. Ukiongeza mitatu ili demani, zile kamba za kulivutia tanga, nazo zilizunguke tanga na kulibana lisifunguke usiku, na mingine mitatu inayopaswa kubaki kwenye bobini ili fundo la mwisho lisibebe mzigo, unapata 30. Bobini yenyewe ilikuwa na kiini cha kipenyo cha milimita 60, kingo za kipenyo cha milimita 150, na kimo cha ndani cha milimita 50. Kwa kamba ya milimita 10, safu moja huingia mizunguko mitano, na safu ni nne tu: jumla 20. Haitoshi. Kwa kamba ya milimita 8, safu moja ni mizunguko sita na safu ni tano: 30 kamili.

Mwenye yoti alifurahia hesabu hiyo ya pili, akanunua kamba ya milimita 8. Tatizo ni kwamba kamba haijipangi kwenye bobini kama uzi wa kiwandani. Hupishana, hupandana, huacha mapengo. Mimi hukata theluthi moja ya nafasi kwa ajili ya mapengo hayo, na hapo 30 inakuwa 20. Tanga lake lilikuwa likifunguka theluthi mbili kisha linasimama, kamba imejikaba kwenye ukingo.

Shauri la haraka ni kushuka hadi milimita 6. Bobini ingepokea mizunguko 56 kwa hesabu, 37 kwa hali halisi. Lakini kamba ya milimita 6 inakata viganja, na kwenye kishikizo cha kamba kilichotengenezwa kwa ajili ya milimita 8 inateleza. Bobini inataka kamba nyembamba, mkono unataka kamba nene.

Jibu limo ndani ya kamba yenyewe. Kamba nyingi za yoti ni msuko ndani ya msuko: kiini kilichosukwa, na ganda lililosukwa juu yake. Ikiwa vyote viwili ni vya poliesta, mzigo hugawanywa karibu nusu kwa nusu. Ukikitoa kiini kwenye sehemu inayoingia bobini, ganda hulala bapa kama utepe na kuchukua nafasi ya kamba ya milimita 6 hivi. Nguvu hupungua nusu, ni kweli. Lakini kamba nzuri ya poliesta ya milimita 8 haikatiki kabla ya kuvuka tani moja, na mtu anayevuta kwa mikono miwili kwenye kamba hii ni nadra kufikisha kilo 100. Nusu ya nguvu ile ni akiba ya kutosha.

Swali gumu zaidi ni urefu wa kutoa. Mizunguko 30 ilimeza takriban mita 9 za kamba, na kutoka bobini hadi kishikizo cha tezini ni mita 9 vilevile. Tulitoa kiini kwa mita 8 tu. Tanga likikunjwa lote, mpaka wa ganda tupu na kamba nzima husimama zaidi ya mita moja na nusu kabla ya kishikizo. Kwa hiyo mkono, kishikizo na winchi havigusi sehemu dhaifu hata siku moja. Ukikosea hesabu hii ukatoa kiini kwa mita 10, kishikizo kitabana ganda tupu, na ganda tupu huponyoka.

Kazi yenyewe ilichukua asubuhi moja. Ganda husukumwa nyuma hadi lijikunje, nyuzi zake zikafunuliwa kwa sindano butu bila kukata hata moja, kiini kikavutwa nje kupitia tundu hilo na kukatwa. Ncha ya kiini kinachobaki usiiache butu. Punguza nyuzi zake kidogokidogo kwa urefu wa sentimita 30, kamba iwe nyembamba taratibu, la sivyo kila kapi litashtuka kwenye kile kinundu. Kisha ganda hukamuliwa kurudi mahali pake, kama unavyokamua ng'ombe, na mpaka ukashonwa kwa uzi wenye nta kupenya ganda na kiini pamoja, ili kiini kisirudi nyuma.

Hapa nina onyo kwa anayetaka kuiga. Kamba yenye kiini cha Dyneema, nyuzi zenye nguvu nyingi na zisizovutika, haifanyiwi hivi. Nguvu yake karibu yote imo kwenye kiini, na ganda ni la kukilinda na kuupa mkono pa kushika. Ukitoa kiini umebaki na soksi. Kwa Dyneema unavua ganda na kuacha kiini. Hapo nafasi inapatikana tele na kamba haivutiki, jambo zuri sana tanga likikunjwa nusu. Lakini kiini hicho ni chembamba mno, kwa hiyo bobini iliyojaa inakuwa na kipenyo kidogo, na nyenzo ya kuzungushia bomba inapungua. Utavuta kwa nguvu zaidi palepale tanga linapokuwa zito zaidi, mwanzoni mwa kukunja. Isitoshe, Dyneema inateleza hata ndani ya fundo. Kwa yoti ya ukubwa huu, poliesta ndiyo chaguo langu.

Kamba nzuri bado itakwama ikiingia bobini kwa pembe mbaya. Kapi la kwanza tulilihamisha ili kamba iingie katikati ya kimo cha bobini, ikiwa pembe mraba na waya wa mlingoti. Na anayefungua tanga asiiache kamba iende ovyo: aishike kwa mkono ikaze kidogo, ijipange.

Siku mtambo ukigoma, usikimbilie winchi. Tazama juu kwanza, maana mara nyingi henza, kamba ya kupandishia tanga, imejizungusha kwenye bomba, na winchi italipinda bomba kabla hujasikia kamba ikilia.